Mwanzi wa bahati ndani ya nyumba: anza na maji

Kwa wauza maua wa mjini haukosekani: vijiti vya kijani vimesimamishwa kwenye glasi yenye kokoto, vimefungwa utepe mwekundu kiunoni, vingine vimezungushwa kuanzia chini hadi juu. Ukisimama tu, muuzaji anakuwahi: "Dada, hii haina kazi. Haitaki udongo, haitaki jua, ni maji tu." Hajakudanganya. Lakini kwenye hayo "maji tu" ndiko shughuli yote iliko, na mianzi mingi ya sebuleni hufia hapo hapo.

Kwanza ondoa kichwani habari za mwanzi. Mmea huu hauhusiani na mianzi ya kujengea wala ya ulanzi, ambayo ni jamii ya nyasi na hutaka jua na ardhi. Huu ni Dracaena sanderiana, na kwao ni misitu ya Kameruni na nchi zinazopakana nayo, unakokua chini ya kivuli cha miti mikubwa. Jina la sanderiana limetokana na Henry Frederick Conrad Sander, mfanyabiashara wa okidi wa karne ya 19 aliyekuwa na vitalu vyake St Albans, Uingereza. Wachina ndio walioufanya biashara ya dunia nzima. Kusini mwa nchi yao, hasa mkoa wa Guangdong, unalimwa mashambani, unakatwa vijiti na kupakiwa kwenye makontena. Kwa hiyo mmea wa Afrika unaturudia Afrika kutoka China, na utepe juu.

Ndugu yake wa karibu tunaye. Ni isale, lile ambalo Wachaga hupanda mipakani mwa vihamba na kulipeleka kwa mtu wanayemwomba msamaha. Aliyewahi kuona kijiti cha isale kilichochomekwa ardhini kikachipua chenyewe hatashangaa kuona huyu wa mezani akiishi kwenye glasi. Ukoo mzima ni wa wavumilivu. Wanavumilia kivuli na kusahauliwa, ila maji mabaya hawayavumilii.

Kuchagua dukani

Shika shina kwa vidole viwili, pale karibu na lilipozama kwenye maji. Liwe gumu. Likibonyea, liache, hata kama juu lina majani ya kupendeza, maana uozo huanzia chini na majani ndiyo ya mwisho kupata habari. Angalia rangi pia: shina la kijani kibichi kuanzia chini hadi juu ndilo unalolitaka. Lenye baka la njano, hata dogo, halirudi kuwa kijani.

Inama unuse chombo. Maji ya mmea mzima hayana harufu. Yakinuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa baada ya harusi, kuna kitu kinaoza mle ndani.

Mizizi ya huyu ina rangi ya chungwa au nyekundu, na watu wengi huiona wakadhani inaumwa. Ni rangi yake. Mizizi ya kuogopa ni ile myeusi, laini, inayochomoka ukiivuta kidogo. Kwenye kilele cha shina nako utakuta kizibo cha nta, mara nyingine imepakwa rangi. Hapo ndipo shina lilipokatwa, na nta inazuia lisikauke wala kuoza. Ujue pia kwamba shina lililokatwa hivyo halitarefuka tena. Kinachokua ni machipukizi yanayotoka ubavuni, kwenye vifundo vya juu. Ukitaka mmea mrefu, nunua shina refu.

Kuhusu idadi ya mashina, Wachina wana hesabu yao: matatu kwa furaha, mali na maisha marefu, manane kwa utajiri, manne hayatolewi zawadi, kwa kuwa "nne" kwa Kichina hukaribiana kimatamshi na "kifo". Kama unampelekea mwenzako wa kazini aliyetoka huko, zingatia hilo. Ukinunua wa kwako, mashina mawili yenye afya ni bora kuliko manane ambayo matatu yake yameshaanza kuwa njano.

Ukifika nyumbani, toa kila kitu nje ya chombo. Suuza mashina na mizizi, osha kokoto, na ulegeze waya au utepe unaobana. Waya ukiachwa, shina likinenepa unaingia ndani ya ngozi yake, na kovu hilo huwa mlango wa kuoza. Kama mmea umekuja kwenye zile shanga za jeli za rangi rangi, zitupe. Zinapendeza wiki mbili, halafu zinashika utelezi na huwezi kuzisafisha.

Maji gani

Hapa tukae kidogo.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaunguza majani ya mmea huu. Dawa yake ni rahisi: kinga maji kwenye ndoo au beseni pana, usifunike kwa kifuniko bali kwa kitambaa chepesi, na uyaache yalale mpaka kesho. Klorini nyingi itakuwa imeondoka yenyewe hewani. Maji ya kunywa uliyoyatia dawa nyumbani nayo ni hivyo hivyo.

Floridi, madini yanayotoka kwenye miamba na kuingia kwenye maji, ni habari nyingine kabisa, na kwa wengi wetu ndiyo yenye uzito. Kama unaishi Arusha, Meru, sehemu za Kilimanjaro, Manyara au Singida, au upande wa Kenya maeneo ya Nakuru, Naivasha na Baringo, unajua watu wenye meno ya kahawia: hiyo ni kazi ya floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyeyusha floridi kwenye maji ya visima na chemchemi, na sehemu nyingi kiasi chake kinapita kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Dracaena ni miongoni mwa mimea ya ndani inayoumia upesi zaidi kwa floridi. Hata maji ambayo wewe unakunywa bila shida yanaweza kuuunguza.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mizizi inavuta maji, maji yanapanda hadi kwenye jani, na kwenye jani yanatoka kama mvuke. Floridi haitoki. Inabaki na kusukumwa hadi mwisho wa njia, yaani kwenye ncha na kingo za jani, na huko inajikusanya siku baada ya siku mpaka inaua seli. Utaanza kuona ncha imekauka na kuwa ya kahawia, kisha kati ya kahawia na kijani unajitokeza mstari mwembamba wa njano. Ukiuona mstari huo, acha kulaumu jua.

Kulaza maji hakusaidii hapo, kwa sababu floridi haipeperuki. Kuchemsha ndiyo kunazidisha: maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki ile ile. Kinachosaidia ni maji ya mvua. Kinga ya kwako kipindi cha masika, yachuje kwa kitambaa na uyahifadhi kwenye dumu safi lililofungwa. Mmea wa mezani hauli hata lita moja kwa wiki, kwa hiyo dumu moja la lita 20 linakupeleka mbali. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha bati. Asiye na maji ya mvua anunue ya chupa, asome lebo, achague yenye floridi kidogo. Wenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, la aina iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha, wanaweza kutumia maji hayo hayo wanayokunywa, kwa sababu mkaa huo hushika floridi.

Wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wana tatizo lingine: maji ya kisima yenye chumvi. Ukionja ukasikia chumvi hata kidogo, usiyatumie kwa mmea huu. Nayo huunguza ncha, na tena hufanya ukoko mweupe kwenye shina pale maji yanapoishia.

Ncha iliyoungua haiponi. Ikate kwa mkasi, ukifuata umbo la jani, na uache uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata ndani ya kijani unatengeneza kidonda kipya, nacho kitakauka vile vile. Ukishabadilisha maji, subiri majani mapya. Hayo ndiyo yatakayokuambia kama umepatia.

Chombo na kina

Kina cha maji kiwe cha kufunika mizizi na kupita juu kidogo. Kwa shina la sentimita 30 hivi, maji ya sentimita tano yanatosha. Watu hujaza glasi mpaka juu wakidhani wanaufanyia hisani. Shina lililozama sana halipumui, na kila sehemu yake iliyo chini ya maji inaweza kuoza.

Glasi inayopitisha mwanga hupendeza, lakini mwanga ukikutana na maji yaliyotulia hutoka utando wa kijani unaoteleza. Hauui mmea moja kwa moja, ila unachafua maji na kushindana naye chakula. Chombo cha udongo kilichong'arishwa ndani, kikombe kikubwa, hata mkebe ulioviringishiwa ukili, vyote vinafaa zaidi. Ukitaka glasi lazima, kubali kuisugua mara kwa mara.

Kokoto kazi yake ni kushikilia mashina yasianguke, basi. Chukua zilizo laini na zilizooshwa mpaka maji yatoke meupe. Usiokote kokoto za ufukweni ukazitia moja kwa moja. Zina chumvi, zinahitaji kulowekwa siku kadhaa huku ukibadilisha maji.

Kubadilisha maji, na habari ya mbu

Badilisha maji yote mara moja kwa wiki. Siyo kuongezea: kumwaga yote, kusuuza mizizi, kusugua chombo kwa ndani, kuosha kokoto, na kutia maji mapya yenye joto la chumbani. Chagua siku moja na uishike. Wanaofanya usafi Jumamosi, iwe Jumamosi.

Kwa afya ya mmea peke yake, wiki mbili zingevumilika sehemu za baridi. Wiki moja ni kwa ajili ya afya yako. Mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, ndiye anayeeneza homa ya dengue, na hapendi mitaro michafu kama wengi wanavyofikiri. Anapenda maji masafi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo karibu na watu: ndoo, matairi, visahani vya maua, na glasi yako ya mwanzi wa bahati. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue 2014 na 2019, na Mombasa nayo imeshaonja. Kwenye joto la pwani yai linaweza kufika kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Anayebadilisha maji kila baada ya wiki mbili anafuga mbu.

Mmea huu una rekodi mbaya kwenye suala hilo. Mwaka 2001, mbu aina ya Aedes albopictus waliingia Los Angeles, Marekani, wakiwa ndani ya makontena ya mianzi ya bahati kutoka China, iliyosafirishwa ikiwa imesimama kwenye maji. Kuanzia hapo Wamarekani wakazuia kuiingiza ikiwa kwenye maji yaliyotuama.

Kusugua ni muhimu kuliko kumwaga. Jike la Aedes hatagi mayai majini. Huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Chukua glasi iliyokaa muda bila kuguswa, ielekeze kwenye mwanga, utaona vinukta vyeusi vidogo vimejipanga pale. Unaweza kumwaga maji yote na vinukta vikabaki. Hukaa vikavu kwa miezi, maji yakivifikia tu vinaanguliwa. Tumia brashi au sifongo lenye ukwaruzo, upande wa ndani wote, na mashina yenyewe yapitishie kitambaa pale maji yanapofika. Kokoto usizisahau, kwa sababu viluwiluwi hujificha katikati yake.

Ukisafiri kwa zaidi ya wiki, mfano mwisho wa mwaka unakwenda kijijini, usiache glasi imejaa. Mpe jirani. Kama hakuna wa kumpa, ziba mdomo wa chombo kuzunguka mashina kwa kitambaa cha chandarua kilichobanwa na mpira, na usogeze chombo mbali na dirisha ili maji yasikauke upesi.

Mwanga na joto

Mwanga wa kutosha, jua la moja kwa moja hapana. Mita moja au mbili kutoka dirisha la mashariki ni pazuri sana. Dirisha la magharibi ni hatari: jua la saa tisa alasiri likigonga jani kupitia kioo, unapata mabaka meupe yaliyokauka katikati ya jani. Pazia jepesi linatosha kuzuia. Gizani mmea hautakufa haraka, lakini machipukizi yatarefuka na kuwa membamba, rangi itapauka, na yote yataegemea upande mmoja kutafuta mwanga. Geuza chombo kidogo kila unapobadilisha maji. Choo kisicho na dirisha hakifai, hata kama kwenye picha za mapambo kinaonekana kinafaa.

Joto la kawaida la nyumba zetu unalipenda. Likishuka chini ya nyuzi 10 majani huanza kulegea na kuweka mabaka, kwa hiyo wa Njombe, Makete au Limuru wautoe karibu na kioo cha dirisha usiku wa Juni na Julai. Adui mwingine ni kiyoyozi cha ofisini. Ukikaa kwenye njia ya upepo wake, ncha zitakauka hata maji yawe ya mvua.

Mbolea

Kidogo sana. Maji matupu yana chakula haba, ila mmea huu unakua taratibu na haudai. Mbolea ya maji ya mimea ya ndani, izimue iwe sehemu moja ya kumi ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uitie mara moja kila miezi miwili. Mwenye tangi la samaki wa mapambo wa maji baridi ana mbolea ya bure: maji anayoyatoa wakati wa kusafisha tangi yanatosha kabisa. Usitie chengachenga za yurea wala CAN kwenye glasi, na kwa mmea wa udongoni kaa mbali na mbolea za fosfeti kama TSP, ambazo hubeba floridi ndani yake. Mmea mpya usiupe chochote miezi ya kwanza.

Kusoma dalili

Jani moja la chini likigeuka njano, hiyo ni uzee. Livue na uendelee na shughuli zako. Majani mengi yakigeuka njano kwa pamoja, uliza mambo mawili: jua limehamia upande gani, na mara ya mwisho ulitia mbolea kiasi gani. Mara nyingi jibu ni mbolea. Mwaga maji, suuza mizizi, upe maji matupu kwa miezi miwili.

Shina kugeuka njano ni jambo la dharura. Likianzia chini, limeoza. Litoe leo hii, usisubiri Jumamosi, kwa sababu uozo huhamia kwa wenzake kupitia maji wanayochangia. Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, suuza waliobaki. Lile lililotolewa, kama juu bado ni gumu na la kijani, kata sehemu hiyo uiotesheze, chini tupa. Njano ikianzia juu na kushuka, kata kwa kisu chini kabisa ya mpaka wa njano, mahali ambapo nyama ya ndani ni nyeupe safi, kisha ziba kwa nta.

Shina kunyauka na kufanya mikunjo maana yake liliwahi kukauka, labda dukani au njiani. Lililokunjamana kidogo huweza kujazia tena; lililokuwa jepesi kama bua, limekufa.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye makutano ya jani na shina ni vidung'ata. Chovya kijiti cha pamba cha masikioni kwenye spiriti, gusa kimoja kimoja, rudia baada ya siku chache. Ukiona utando mwembamba kama wa buibui na jani limejaa vidoa vidogo vilivyopauka, ni utitiri, ambao hupenda hewa kavu ya vyumba vyenye kiyoyozi. Peleka mmea bafuni, uoshe majani juu na chini kwa maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, suuza vizuri. Dawa za shambani haina haja kuziingiza sebuleni.

Kukata na kuotesha

Chipukizi likirefuka mpaka mmea unaanza kuinama, likate. Futa kisu au mkasi kwa spiriti kwanza. Kata sentimita mbili au tatu kutoka pale lilipotokea kwenye shina, na kisiki hicho kitachipua tena, mara nyingi macho mawili badala ya moja. Ulichokikata kivue majani ya chini, kisimamishe kwenye maji ya kina cha vidole viwili, mahali pasipo na jua. Mizizi hutokeza baada ya mwezi hivi, ya rangi ya chungwa kama ya mama yake.

Shina lenyewe nalo huoteshwa. Kila kipande kiwe na vifundo viwili angalau, na kabla hujakata weka alama upande wa juu kwa kalamu, kwa sababu kikishakatwa juu na chini hufanana, na ukikisimamisha kichwa chini hakiotei. Pale juu palipokatwa pazibe kwa nta ya mshumaa: yeyusha, acha ipoe mpaka ianze kuwa nzito, ndiyo uchovye. Nta inayochemka inaunguza.

Kuhusu kuuzungusha ule mzunguko wa dukani, haufanywi kwa kukunja shina kwa mkono. Wakulima hulaza mmea au kuziba mwanga pande zote isipokuwa mmoja, chipukizi linafuata mwanga, wanageuza kidogo kidogo, na kazi hiyo huchukua zaidi ya mwaka. Nyumbani unaweza kufanya kwa boksi lililotobolewa upande mmoja. Binafsi naona kazi ni nyingi kuliko uzuri unaopatikana. Na ukinunua uliokwisha zungushwa, ujue machipukizi yake mapya yatakwenda wima.

Paka na mbwa

Majani yana saponini, ambayo ni sumu kwa wanyama hawa. Paka akiyatafuna hutapika, hutokwa na mate na kukataa chakula, na mboni za macho yake huweza kutanuka. Mbwa naye hutapika na kunyong'onyea. Mwenye paka auweke mahali pa juu pasipo na pa kurukia, na akiona majani yametafunwa ampigie daktari wa mifugo. Mtoto anayetambaa naye asiachiwe, kwa majani na kwa kokoto pia.

Kuuhamishia kwenye udongo

Mmea unaweza kuishi kwenye maji miaka mingi, lakini ukitaka unenepe na kutoa majani mapana, uweke kwenye udongo. Ni njia ninayoipendekeza zaidi kwa watu wa pwani, kwa sababu inaondoa glasi ya maji ndani ya nyumba na mbu wake.

Tafuta chungu chenye tundu chini, kisichozidi mizizi kwa zaidi ya vidole viwili kila upande. Changanya udongo wa msituni au wa bustani sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, na mboji iliyoiva sehemu moja. Mchanga wa bahari usiutumie. Kwenye maeneo ya floridi, changanya chokaa ya shamba kiganja kimoja kwa ndoo ya udongo. Udongo usio na tindikali hushika floridi isipande kwenye mmea kirahisi.

Wiki tatu za mwanzo udongo usikauke, kwa sababu mizizi iliyozaliwa majini bado haijajua kutafuta. Majani mawili matatu ya chini yataanguka, usishtuke. Baada ya hapo punguza: chomeka kidole mpaka kifundo cha kwanza, na kama udongo ni mkavu ndiyo umwagilie, mpaka maji yatoke chini. Yaliyotoka kwenye kisahani yamwage palepale. Mizizi ikianza kuchungulia kwenye tundu, hamishia chungu kinachozidi kile cha kwanza kidogo tu. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na shina huoza kwenye ubichi huo hata kama unamwagilia kwa kipimo.